Uchambuzi wa kisa: mtoto aliyefeli mtihani kwa sababu picha ziliwekwa juu

Faili lake lilikuwa na sentensi moja iliyonakiliwa kila alipohudhuria kliniki, tangu akiwa na miezi 20: "Mtindio wa ubongo, viungo vinne vimekakamaa, uelewa hafifu, masikio mazima." Alipofika kwangu alikuwa na miaka 4 na miezi 2. Katika sentensi hiyo mambo matatu yalikuwa si kweli, na lile la nne, jina lenyewe, lilikuwa nusu ya kweli.

Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekisuka. Hakuna mtoto mmoja aliyeyapitia yote haya kwa mpangilio huu. Nimeunganisha mambo yanayojirudia kwa watoto wa aina yake ili asitambulike yeyote. Dalili ni za kweli za kitabibu, na kosa lenyewe hutokea kuliko tunavyopenda kukiri.

Nianze na jina, maana Kiswahili chetu kinatutega hapa. Ukisema "mtindio wa ubongo", mmoja anaelewa mtoto anayeshindwa kuongoza mwili wake kwa sababu ubongo uliumia ungali mchanga. Mwingine anaelewa mtoto ambaye akili yake haikukua kulingana na umri. Mama anaambiwa neno hilo kliniki, analipeleka kwa ndugu, na ndugu wanasikia "taahira". Ukikimbilia "kupooza ubongo" hujatoka mtegoni, kwani ubongo wenyewe haupoozi. Kilichoharibika ni namna unavyoiamuru misuli. Nitatumia CP (kifupi cha Kiingereza cha "cerebral palsy"), herufi tulizozoea kazini, ingawa nazo hazisemi mengi. Fasili iliyokubaliwa na wataalamu wa kimataifa na kuchapishwa mwaka 2007 inaanza na neno ambalo wengi hulipita: kundi. CP ni kundi la hali za kudumu zinazovuruga mjongeo na mkao, kutokana na jeraha au kasoro katika ubongo unaokua, jeraha ambalo lenyewe haliendelei kukua. Kumwambia mzazi kwamba mtoto ana CP bila kumwambia ni ipi ni kama kumwambia ana homa.

Sasa mtoto. Alizaliwa mimba ikiwa na wiki 38, kilo 2.9, akalia mara moja, akanyonya. Mama alilirudia hilo la kulia mara tatu. Kila mahali alipopita aliulizwa kama mtoto alichelewa kulia, na kila alipojibu hapana aliona kalamu ikisita. Imani kwamba CP yote hutoka kwenye uzazi mgumu ni ya siku nyingi: William John Little, daktari wa London, aliiwasilisha mbele ya wenzake mwaka 1861 na ikaota mizizi. Sigmund Freud, kabla hajajulikana kwa yale anayojulikana nayo leo, aliitilia shaka mwaka 1897. Hoja yake ilikuwa kwamba huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya mtoto aliyeanza kupata shida tangu tumboni. Leo tunajua kwamba kukosa hewa wakati wa kuzaliwa ni sababu mojawapo tu, na penye huduma nzuri za uzazi ni sehemu ndogo ya visa vyote. Swali la kulia bado tunaliuliza kwanza, na likijibiwa hapana wengi wetu hatuna la pili.

Swali la pili lilikuwa siku ya 3. Macho na kifua vilikuwa vimegeuka manjano, na mama akaambiwa ni kawaida, itaisha. Kwa watoto wengi huisha kweli, na ndiyo maana jibu hilo huponyoka mdomoni kirahisi. Siku ya 5 mtoto akawa mzito wa kuamka, akaacha kunyonya, na usiku wake akaanza kulia kwa sauti nyembamba kali huku mgongo ukijipinda nyuma kama upinde. Bilirubini, ile rangi ya manjano inayobaki seli nyekundu za damu zikivunjika, ilipopimwa ilikuwa miligramu 36 kwa desilita. Kwa mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimia, 25 tu ni dharura. Aliwekwa chini ya mwanga wa buluu, akabadilishwa damu, na baadaye akagundulika kuwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, unaofanya seli nyekundu za damu zivunjike upesi. Upungufu huo hurithiwa kupitia kromosomu X, hivyo huwapata zaidi wavulana kama huyu. Baada ya wiki 2 aliruhusiwa. Karatasi ya kuruhusiwa ilisema amepona.

(Tiba hiyo ya mwanga tunadaiwa na jicho la muuguzi. Mwaka 1956 huko Rochford, Uingereza, Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto njiti bustanini wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye manjano yake yalipauka mwili mzima isipokuwa kipande cha pembetatu kilichokuwa kimefunikwa na shuka. Wao walikuwa wanatazama chati; yeye alikuwa anatazama ngozi.)

Nilimlaza kwenye mkeka wa mazoezi. Faili lilisema amekakamaa, na kwa kumtazama tu ungekubali: shingo imegeukia upande, mkono umejinyonga nyuma, miguu imenyooka kama vijiti. Nikashika goti nikalikunja polepole. Lilikuja. Nikalikunja kwa haraka, nikingoja ule mkwamo wa ghafla anaoujua kila aliyewahi kushika mguu wa mtoto mwenye CP ya spastiki, ile ya misuli inayokaza, mguu unaposhikwa katikati ya njia kama mlango uliogonga kitu. Haukuja. Kisha mama akasema neno nyuma yangu, mtoto akataka kumtazama, na goti lile lile lililokuwa laini likafungwa kabisa mkononi mwangu.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ukakamavu wa spastiki hufuata kasi: ukivuta haraka unakaza, ukivuta polepole unaachia. Distonia hufuata nia na hisia. Mtoto akitaka kufanya jambo, akifurahi, akishtuka, akiguswa, misuli inavutana yenyewe kwa yenyewe, akitulia inaachia. Nilimwomba afungue na kufunga ngumi ya kulia. Alijaribu, na mguu wa kushoto ndio uliojipinda.

"Mama, akilala yukoje?"

"Akilala? Daktari, akilala ni mtoto mwingine. Analegea, namkunja kama nguo. Akiamka tu, ubao."

"Uliwahi kuwaambia wenzangu?"

"Hakuna aliyeniuliza."

(Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Wazazi hutuita hivyo na nimeacha kubishana.)

Mtoto wa spastiki naye hulegea kiasi usingizini, lakini kufika miaka 4 kano zake kwa kawaida zimeanza kufupika, na kano fupi haijui usiku wala mchana. Huyu alikuwa anakunjika kama nguo. Kano zake zilikuwa nzima. Na alikuwa amepangiwa upasuaji wa kuzirefusha.

Kwa asiyezijua aina hizi, nizieleze kwa kifupi. Spastiki ndiyo kubwa kuliko zote, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wenye CP. Hutokana na kuumia kwa njia zinazoteremsha amri kutoka gamba la ubongo kwenda uti wa mgongo, na sehemu ya mwili inayoathirika hutegemea ni wapi njia hizo zilikatika. Mtoto njiti mara nyingi huumia kando ya ventrikali, zile nafasi za maji katikati ya ubongo, na kwa kuwa nyuzi za miguu ndizo zinazopita karibu zaidi na hapo, miguu hukaza kuliko mikono. Hiyo ni diplejia. Aliyepata kiharusi karibu na wakati wa kuzaliwa hukaza upande mmoja, hemiplejia. Mzazi akikuambia kwa fahari kwamba mwanawe wa miezi 7 tayari ni wa mkono wa kushoto, mchunguze mkono wa kulia, kwa sababu kabla ya mwaka mtoto hapaswi kuchagua. Vikikaza viungo vyote vinne ni kwadriplejia. Mtandao wa Ulaya wa kufuatilia CP, ulioanza mwaka 1998, umeachana na mgawanyo huu na kuandika tu upande mmoja au pande zote mbili. Nauunga mkono. Sijaona watu wawili wakikubaliana diplejia inaishia wapi na kwadriplejia inaanzia wapi.

Ataksia ni nadra: serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, imeguswa, mtoto anayumba, mkono unatetemeka ukikaribia kitu. Ukiiona, tafuta sababu ya kurithi kabla hujaridhika na jina la CP. Kisha kuna diskinetiki, ambapo jeraha liko ndani kabisa, katika viini vinavyochuja amri za mjongeo. Humo mna distonia, yaani mivutano inayokunja mwili, na athetosi, mjongeo wa pole kama nyoka usiotulia. Ni kundi dogo, kwa hesabu nyingi kati ya asilimia 6 na 15. Watoto wengi huchanganya zaidi ya aina moja, nasi huandika ile inayotawala. Lakini kuandika inayotawala kunataka kwanza uipime. Mtoto wa diskinetiki akishtushwa na mazingira mapya ya kliniki hukaza mwili mzima, na mpimaji mwenye dakika 10 ataondoka na neno moja tu: amekakamaa.

Masikio yalinichukua muda zaidi. Faili lilikuwa na matokeo ya kipimo cha mwangwi, kile ambacho sauti huchezwa sikioni na mashine kusikiliza mwangwi unaorudishwa na seli za ndani ya kokilea, kile kiungo cha sikio la ndani kinachopokea sauti. Alifaulu pande zote mbili. Mama naye alisema mtoto "husikia akitaka": leo anageuka mlango ukigongwa, kesho humwiti akasikia. Kauli hiyo ya husikia akitaka siku hizi hunifanya niache kalamu. Kipimo cha mwangwi hukuambia kwamba sikio linapokea. Hakikuambii kama habari inafika. Bilirubini haiharibu seli zile za kokilea; huharibu neva na viini vya usikivu katika shina la ubongo, kwa hiyo sauti huingia vizuri na kuvurugika njiani, kama redio iliyokamatwa nusu. Tulimpima kwa elektrodi kichwani, kipimo kinachofuata mawimbi ya umeme kutoka sikioni hadi shina la ubongo, na mawimbi hayakuwa na mpangilio wowote. Hali hii huitwa nyuropathi ya usikivu. Mtoto wa namna hii aliyepimwa mwangwi peke yake hupita kama mzima.

Yakabaki macho, ambayo ndiyo yaliyompa ile hukumu ya uelewa hafifu. Ripoti ya mtihani ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu, na hilo ndilo lililonisikitisha. Mpimaji alisimamisha ubao mbele ya uso wa mtoto ukiwa na picha 4, mbili juu na mbili chini, akataja jina la kitu na kungoja mtoto akitazame. Aliandika kwamba mtoto "huchagua picha za chini bila kujali swali." Alikiona kabisa. Alikipa tu maana nyingine.

Nilichukua mwanasesere nikampandisha taratibu mbele ya macho yake. Macho yalifuata hadi usawa wa katikati, yakakwama. Ili aendelee kumwona, mtoto alitupa kichwa chote nyuma, na kichwa kilipokwenda nyuma distonia ikakamata mgongo na mikono, tukampoteza. Kushoto na kulia macho yalikwenda. Chini yalikwenda. Juu hapana. Ubao ule ulikuwa umemtaka afanye kitu ambacho shina lake la ubongo halikiwezi, kisha ukamhesabia kosa.

Tukapanga upya. Chumba kimya, mlango umefungwa, mama ameketi mbele ili mtoto amwone midomo, picha mbili tu kwenye trei chini ya usawa wa macho, moja kushoto na nyingine kulia. Na tukangoja. Nasisitiza kungoja kwa sababu ndiyo sehemu niliyoiona ngumu kuliko zote: jibu lilichukua sekunde 15, wakati mwingine 20, mwili ukijinyonga na kuachia kabla jicho halijatua. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo nisije nikasema "basi, tuendelee". Maswali 20. Alipata 17. Mama hakusema kitu. Aliinuka akaenda kusimama dirishani, akarudi, akaomba turudie lile la kwanza.

Distonia, nyuropathi ya usikivu, macho yasiyopanda, na meno yenye ganda dhaifu la rangi ya kahawia, ambayo kila mtu alidhani hayapigwi mswaki. Vikikaa pamoja, vinne hivi ni saini ya bilirubini. Mwaka 1904 Schmorl, mtaalamu wa patholojia wa Ujerumani, aliita madhara yake kernicterus, umanjano wa viini, kwa kuwa hauenei ubongo mzima. Huchagua: globasi palidasi (kimojawapo cha vile viini vya ndani vinavyochuja amri za mjongeo), viini vya chini ya thalamasi, viini vya usikivu na vya mwendo wa macho. Gamba la ubongo, ambako lugha na fikra hutegemea kwa sehemu kubwa, mara nyingi huachwa. Ndiyo maana kumwandikia uelewa hafifu mtoto aliyepata manjano kali, bila kumpimia macho na masikio, ni kubahatisha.

Picha ya MRI ilikuwepo muda wote, ikisomeka "hakuna jeraha kubwa". Daktari wa neva aliisoma upya akijua anachotafuta, akaona weupe hafifu kwenye globasi palidasi pande zote mbili. Nadhani ulipita kwa sababu ulikuwa sawa kulia na kushoto, na jicho la mtu hunaswa na tofauti. Isingekuwa historia ya manjano, na picha ingekuwa safi kweli, tungelazimika kumjaribu kwa dawa ya levodopa kabla ya kumwandikia CP. Upo ugonjwa wa distonia wa kurithi, ulioelezwa na Segawa wa Japani miaka ya 1970, unaofanana na CP na kuzidi jioni, na dozi ndogo ya levodopa huweza kumsimamisha mtoto aliyekuwa habebeki. Kuukosa huo ni kosa zito kuliko hili.

Kilichobadilika? Upasuaji wa kano ulifutwa. Kwenye distonia matokeo yake hayatabiriki. Ukilegeza msuli unaovuta leo, kesho wa upande wa pili unaweza kushika zamu na kuvuta kinyume. Sindano za botulini, za kulegeza misuli, alizochomwa akiwa na miaka 3 zilikuwa zimefanya karibu hivyo hivyo. Daktari alimpa dawa ya gabapentini, akabakiza baklofeni kidogo: anapumzika vizuri zaidi na analia kwa maumivu mara chache, ingawa mikono yake haikutulia sana. Dawa nyingine, triheksifenidili, ilimfunga choo, tukaiacha. Kiti kilichomshika vizuri nyonga na nyayo kilimpa udhibiti wa kichwa kuliko dawa yoyote kati ya hizo. Suala la kipandikizi cha kokilea bado liko mezani. Huwasaidia baadhi ya watoto wa aina hii, si wote.

Na kulikuwa na jambo ambalo kubadilisha aina hakukulisaidia hata kidogo. Mizani ya madaraja 5 ya uwezo wa mjongeo, iliyotolewa Kanada mwaka 1997, inamweka kwenye daraja la 5, la wasioweza kudhibiti kichwa na kiwiliwili. Utafiti uliofanywa Victoria, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta nyonga zimehama kwa asilimia 90 ya watoto wa daraja hilo, na hakuna hata mmoja wa daraja la 1. Nyonga hufuata daraja, haziulizi kama misuli ni ya spastiki au distonia. Katika faili lote hapakuwa na eksirei moja ya nyonga. Tulipopiga, kichwa cha mfupa wa kulia kilikuwa kimetoka nje ya kikombe chake kwa asilimia 38. Basi upasuaji tuliofuta kwa sababu moja huenda tukaurudia, wa aina nyingine, kwa sababu nyingine, na mama alilipokea hilo kwa shida.

Sioni mjinga katika kisa hiki. Wa masikio alipima sikio vizuri, wa akili aliandika alichokiona, wa mifupa alifuata faili, nami ninao watoto wangu ambao huenda nimewafanyia vivyo hivyo. Lawama yangu naipeleka kwenye siku ya 3. CP nyingi hatujui kuzizuia. Hii tunajua: kupima bilirubini kabla mama hajaruhusiwa, hasa kwa mtoto mweusi ambaye ngozi yake huficha manjano, na kumwona tena siku chache baadaye wakati inapofikia kilele. Kuangalia kwa macho hakutoshi.

Miezi 5 baadaye anatumia ubao wa picha uliopangwa safu moja chini ya kidevu. Ana alama ya ndiyo, ya hapana, na ya "acha", na hiyo ya mwisho anaitumia sana katika vipindi vyangu. Siku moja aliitazama nilipokuwa ndiyo kwanza nimemshika mguu. Mama alikuwa pembeni.

"Daktari, yale mazoezi ya kumvuta miguu tuliyofanya miaka 2, kila asubuhi, akilia. Yalikuwa yanamsaidia?"

Nilimwambia mengi yake hayakumsaidia. Akatikisa kichwa, akainama, akaanza kumvua mtoto mikanda ya kiti.